Mzigo mmoja wa kahawa kuandikwa mara mbili: nibadilishe gRPC?

SWALI: Natengeneza mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha msingi) ya kahawa huku Mbozi. Karani anapima kahawa mbivu kituoni, anaingiza kilo kwenye simu ya Android, taarifa zinakwenda kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Nilichagua gRPC, fremuweki ya kuita kazi zilizo kwenye seva, kwa kuwa wanasema ina kasi kuliko JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi. Sasa baadhi ya mizigo inaonekana mara mbili kwa mkulima. Mwenzangu anashauri nihamie Thrift, fremuweki nyingine ya aina hiyo. Nichague ipi?

JIBU: Usihame. Ukienda Thrift kosa utalikuta hukohuko. Simu ilituma, seva ikaandika, jibu likapotea mtandao ulipokatika. Simu ikadhani ombi halikufika, ikatuma tena.

Karani anapobonyeza Hifadhi, simu itengeneze UUID (kitambulisho kisichojirudia) papo hapo. Ukingoja hadi wakati wa kutuma, kila jaribio litapata UUID mpya na kazi yote ni bure. Iandikwe pamoja na kilo kwenye SQLite (kanzidata ndogo) ya simu, ndipo itumwe. Kwenye seva, safu ya UUID iwe na sharti la UNIQUE (linalokataa thamani kujirudia), na iingie ndani ya muamala uleule wa kanzidata unaoongeza kilo za mkulima. Ombi likija mara ya pili, seva irudishe jibu lile la kwanza. Ikirudisha kosa, simu itatuma bila kukoma. Weka pia kikomo cha kusubiri, tuseme sekunde 15, kwani gRPC usipoiwekea kikomo husubiri tu. Kurudia kuwe baada ya sekunde 1, 2, 4, 8, hadi 60, ukichanganya na muda wa kubahatisha ili vituo vyote visiivamie seva kwa pamoja mtandao ukirudi. Rudia kwa makosa ya UNAVAILABLE (seva haipatikani) na DEADLINE_EXCEEDED (muda umeisha). INVALID_ARGUMENT (data uliyotuma ina kosa) haiponi hata ukirudia mara mia. Na kilo zitunze kwa gramu, namba kamili, zisikae kwenye desimali za kuelea (float).

Kinachonikera ni hao wanaopima kasi ya fremuweki kwa kuendesha seva na mteja ndani ya laptopu moja, kisha wanatangaza mshindi. Rekodi yako ya mzigo, hata kwa JSON, ni baiti mia mbili hivi. Kuisoma huchukua maikrosekunde, lakini safari ya kwenda na kurudi kutoka kijijini inaweza kula mamia ya milisekunde. Kasi waliyoipima wewe huioni. Wanakuaminisha pia kwamba kuita kazi iliyo kwenye seva ni sawa na kuita kazi iliyo ndani ya programu yako. Si sawa, na hilo halikufichwa tangu mwanzo: Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox PARC waliandika mwaka 1984 kwamba mwito ukirudisha hitilafu, huenda kazi imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, na aliyeita haambiwi lipi. Hakuna fremuweki itakayokuambia. Anayekuuzia "inajirudia yenyewe, usijali" anakuuzia mizigo miwili.

Fremuweki chagua kwa kuangalia nani ataita seva. Mhasibu akitaka kufungulia kwenye kivinjari, gRPC haiendi moja kwa moja. Inahitaji gRPC-Web, mara nyingi na proksi (seva ya kati inayotafsiri maombi) kama Envoy. Kama seva ni moja na fundi ni wewe peke yako, JSON juu ya HTTP inatosha kabisa, na kosa utaliona kwa curl, zana ya kutuma ombi la HTTP kwa mkono. Kwa kuwa gRPC tayari unayo na simu zote ni Android, baki nayo.

Ila linda faili lako la .proto, linaloorodhesha sehemu za ujumbe. Protocol Buffers, muundo wa data ambao gRPC hutumia, husafirisha namba ya sehemu, jina haliendi. Ukifuta sehemu namba 3 iliyokuwa gramu, halafu ukaipa namba hiyo bei, simu ambayo haijasasishwa itatuma gramu na seva itazisoma kama bei, bila onyo lolote kama aina zote mbili ni int64 (namba kamili). Namba iliyofutwa iandike reserved, isitumike tena.

Kabla ya kupeleka vituoni, iambie seva iandike kisha ilale sekunde 20 kabla ya kujibu. Tuma mzigo mmoja, acha simu irudie mara tatu, hesabu mistari kwenye kanzidata. Ukikuta zaidi ya mmoja, rudi kwenye UNIQUE.