Panya wako hawajapotea, watafute kabla hawajazaliwa
Juzi usiku kuna mdogo wangu wa Wete, yuko masomoni nje, kaniandikia: kaka nimechanganyikiwa, panya waliozimwa jeni hawatokei hata mmoja na msimamizi anasema PCR yangu, kile kipimo cha kusoma jeni za kila panya, mbovu. Wallahi roho iliniuma, maana yaya haya yalinikuta mie.

Mie nilipewa niichunguze jeni ya furini. Kwa asiyejua, protini nyingi zikitengenezwa zinakuwa bado, kama karafuu inavyofika nyumbani na makonyo yake mpaka watu wakae waichambue. Furini ni mmoja wa wachambuaji, kimeng'enya kinachokata kile kipande cha ziada ndo protini ianze kazi. Sasa ukitaka kujua mchambuaji fulani ana kazi gani, unamtoa, halafu unatazama kipi kimebaki na makonyo.

Basi nikapandisha dume na jike, kila mmoja ana nakala moja ya jeni iliyozimwa na moja nzima, robo ya watoto ilipaswa itoke haina furini kabisa. Nikapima zaidi ya arubaini, hata mmoja! Nikarudia PCR wiki sita, na mkubwa wetu akasema mbele ya wenzangu kuwa sijui kushika pipeti. Miye niliyechambua karafuu tangu nina miaka sita! Mpaka leo halijanitoka.

Tulipokuja kufungua mimba za siku ya 10 tukawakuta, moyo haujajijenga sawa. Wanakufa baina ya siku ya 10 na nusu na 11 na nusu, na mimba ya panya ni kama siku 20, utawaona wapi? Na hilo lilishachapishwa tangu 1998, sikusoma. Kwa hiyo soma kwanza mdogo wangu, soma kabla hujagusa panya.

Na akizaliwa mzima usikimbilie kusema kimeng'enya hakina kazi. Panya wasio na PC2, mchambuaji mwingine, wanaishi, lakini pima sukari ya damu, iko chini, kwa sababu glukagoni yao, homoni ya kupandisha sukari, haikuchambuliwa. Furini ukiizima kwenye ini tu, ini linaendelea vizuri, wachambuaji wengine wanashika zamu. Someni jamani, na hesabuni!

Nikamwambia mdogo wangu aache kurudia PCR, ahesabu waliozaliwa kwa majibu aliyonayo: kama wenye nakala moja iliyozimwa ni mara mbili ya wale wasio nayo, basi PCR yake nzima, na ile robo isiyo na jeni imefia tumboni. Alfajiri kanijibu: 24 kwa 11.