AFP imepanda kwa mtu mzima: inakuwaje?
Pole sana, dada, kwa kuuguza. Umeuliza inakuwaje baba, mtu mzima, akutwe na AFP, protini ambayo daktari amekwambia ni ya mtoto aliye tumboni. Daktari hajakosea. Ini la mtoto tumboni huitengeneza kwa wingi. Akishazaliwa, jeni ya AFP, yaani maagizo ya seli ya kuitengeneza, huzimwa, na baada ya mwaka hivi AFP hubaki kidogo mno. Jeni haifutiki, imefungwa tu. Seli ya ini ikigeuka saratani, mara nyingi huifungua tena. Saratani kufanana na kiungo cha mtoto aliye tumboni si kwa ini tu: hata uvimbe wa Wilms, saratani ya figo za watoto, ukiutazama kwa hadubini unafanana na figo ambayo haijamaliza kuumbwa. Kwangu hilo ni jambo la kushangaza mno.

Lakini usikate tamaa kwa namba moja ya kipimo cha AFP. Homa ya ini na makovu ya ini pia hupandisha AFP, na zipo saratani za ini zisizoipandisha kabisa. Muulizeni daktari kuhusu picha ya ini, CT au MRI, na kipimo cha homa ya ini B na C. Kama kuna majibu ya AFP ya zamani, nendeni nayo. Namba inayopanda kila mwezi si sawa na iliyotulia.