Uliza Bibi Mwalimu: Udongo Ulaya na tembe la bibi yangu

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, Iringa. Mwalimu wa Historia ametupa kazi ya harakati za kisiasa za karne ya 20, na wa Jiografia anataka insha ya majengo endelevu. Zote zinakusanywa Ijumaa moja. Nimeomba niandike kitu kimoja kitakachotosha pande zote mbili, wakasema nijaribu kama naiona njia. Njia yenyewe siioni. Siasa na matofali vinakutana wapi? — Mwanafunzi mchovu, Iringa*

Marahaba, mjukuu wangu. Vinakutana kwenye kalibu ya kufyatulia tofali. Ushahidi ninao kwenye dole gumba la mguu wa kulia: kovu la tofali la kuchoma lililoniponyoka mwaka 1973, nikiwa darasa la sita. Tulikuwa tunabeba matofali manne manne kutoka tanurini hadi kwenye kiwanja cha darasa jipya, na hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Tuliita Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo usidhani siasa ilikuwa mambo ya mikutano tu. Mimi niliibeba kichwani, juu ya kata ya majani.

Anzia Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. TANU ilitangaza Ujamaa na Kujitegemea, na wanafunzi wengi wakifika hapo huorodhesha mabenki na viwanda vilivyotaifishwa, wakaweka nukta. Wewe usiishie hapo. Soma lile neno la pili, kujitegemea, kisha jiulize: nchi isiyo na fedha za kigeni itajengea nini nyumba za wakulima wake? Jibu la chama lilikuwa udongo uliopo chini ya miguu yao. Tofali la kuchoma ukutani, kigae juu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali na wanakijiji wa Chamwino, Dodoma.

Halafu ruka hadi 1977. Azimio lilipotimiza miaka kumi, Nyerere aliandika tathmini yake, na humo ndani, katikati ya habari za kilimo na viwanda, akawageukia watu wanaong'ang'ania saruji na bati. Aliwaona kama waliopooza fikra. Hoja yake ilikuwa kwamba saruji nayo asili yake ni udongo, ila ni "udongo Ulaya", kama ilivyoitwa mitaani, na kwa sababu ya hiyo Ulaya mtu yuko tayari kukaa miaka akingojea mfuko wa saruji na bati, huku udongo wa kufyatua tofali zuri anaukanyaga kila siku. Kinachonichekesha ni kwamba kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kinafanya kazi tangu 1966. Udongo Ulaya ulikuwa unatoka Dar es Salaam!

Hapo ndipo insha yako ipo. Kwa nini watu hawakumsikiliza? Walimpenda, waliimba nyimbo zake, lakini kwenye bati walimkatalia. Mimi nina maoni yangu kuhusu sababu, na yanaanzia kwenye tembe.

Bibi mzaa mama alikuwa na tembe huko Ugogo, Dodoma. Kwa msioijua, tembe ni nyumba ndefu ya chini, paa lake bapa: nguzo, boriti juu yake, fito, kisha udongo unaoshindiliwa. Ukiingia kutoka kwenye jua la Oktoba, macho hayaoni kitu kwa muda, lakini ngozi inajua mara moja kwamba umefika mahali pa kupumzika. Paa lilikuwa na kazi zake pia. Juu yake tulianika mtama, maboga yakakaa huko, na sisi watoto tukapanda kuchungulia wageni wanaokuja. Kila mwaka kabla ya mvua wanawake walichota udongo wakasiliba upya. Leo mngesema jengo lile lilipitisha joto taratibu, vifaa vyake vyote vilitoka karibu, na likibomoka linarudi ardhini. Bibi hakuwa na maneno hayo. Alisema tu nyumba ya bati ni ya kuchomea watu.

Sitaki ulipambe, maana mwalimu wako anaweza kuwa Mgogo. Tembe lilivuja mvua ikizidi. Mchwa walikula nguzo, na nguzo mpya zilikuwa miti. Ndani kulikuwa na moshi, na ng'ombe hawakuwa mbali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile tuliyosikiliza redioni kwa vikundi, ilikuwa na haki kabisa kutusumbua kuhusu vyoo na usafi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Operesheni ya Dodoma, ya kuhamishia watu vijijini, ndiyo iliyotangulia, mwaka 1970 na 1971. Operesheni Vijiji ya nchi nzima ikafuata, kuanzia 1973 hadi 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, wengine kwa hiari, wengine kwa nguvu, na ziko sehemu ambako nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Kwetu walikuja wasimamizi wakati wa kiangazi wakamwambia bibi tembe ni nyumba ya kale, ahamie kijijini, atapata nyumba bora. Boriti zikang'olewa akiwa anatazama. Kijijini tukapewa kiwanja kilichopimwa kwa kamba na tukajenga kibanda cha fito na nyasi, cha muda. Ule muda ulichukua masika mawili. Bati lilipofika lilikuwa la ofisi.

Unaona? Tuliambiwa kwa mdomo kwamba udongo ni heshima, lakini kwa macho tuliona nyumba ya udongo ikibomolewa kwa kuitwa ya kale, na ofisi ikiezekwa bati. Mtoto huamini macho. Nilipopata mshahara wa kwanza wa ualimu nilinunua nini? Bati sita, nikampelekea mama. Bibi alikuwa ameshafariki, vinginevyo angenisema.

Hii ndiyo hoja ninayokushauri uijenge: Nyerere alikuwa sahihi kuhusu udongo, akakosea kudhani kikwazo kilikuwa kichwani mwa mkulima. Unaweza kunipinga. Andika tu sababu zako.

Lakini kabla hujampa alama zote za mazingira, kuna jambo hakuligusa. Tofali la kuchoma linakula kuni. Lile tanuri la shuleni kwetu liliwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa, magogo yakiingizwa kwenye midomo yake chini, na mlima tuliokuwa tukiokotea kuni ukabaki na visiki. Kwa hiyo siasa ya kujitegemea ilitukomboa kutoka kwenye mfuko wa saruji, ikatupeleka msituni. Saruji nayo si safi: ili kuipata, mawe ya chokaa hupashwa moto hadi nyuzi joto 1,450 hivi, na hewa ya ukaa hutoka kwenye makaa au gesi inayochomwa na kwenye lile jiwe lenyewe linapovunjika. Dunia nzima, saruji inabeba karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Njia ya kati ni tofali la udongo lisilochomwa, lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono likiwa na saruji kidogo. Mashine maarufu ya aina hiyo, CINVA-Ram, ilibuniwa Colombia miaka ya 1950, ikasambaa mpaka kwetu Afrika.

Ukitaka mfano wa nje, nenda Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando mwaka 1965, akasomea ujenzi Ujerumani, akarudi kujenga shule ya msingi ya kijijini kwao iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo. Bati lipo, ila limenyanyuliwa juu ya dari ya udongo ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji walisita mwanzoni, kwa kuwa walijua nyumba za udongo huliwa na mvua. Akawaonyesha. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Weka aya moja tu, usimgeuze kuwa insha yote.

Na usikusanye kazi ya maneno matupu. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, inayoona ndani. Chimba udongo chini ya ule mweusi wenye mizizi, jaza theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, funga, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha iweke dirishani usiiguse. Mchanga utatua kwanza, dakika chache tu. Juu yake utakaa udongo laini, na mfinyanzi utachelewa hata siku nzima. Pima kila tabaka kwa rula. Mchanga ukiwa mwingi zaidi, udongo huo unafaa kushindiliwa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Ipeleke chupa hiyo darasani Ijumaa, uiweke mezani kimya, wakuulize wao.

*Bibi Mwalimu, mwanangu amerudi kutoka shule ananiambia nisinunue saruji, nijenge kwa udongo kwa ajili ya tabianchi. Nimehangaika miaka kumi kutoka kwenye nyumba ya udongo. Nimchape au nimsikilize? — Baba Neema, Kahama*

Usimchape, baba. Wala usimsikilize nusu. Anachosema si kurudi kwenye ukuta wa fito na tope. Ulizia tofali za kufungamana: udongo wa kawaida, saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine, na tofali linatoka na meno yanayoingiana na mwenzake, hivyo udongo wa kujengea hauhitajiki sana kati ya tofali na tofali.

Masharti ni matatu na mafundi wengi huyaruka. Msingi uwe wa mawe au zege, ukuta uanze juu ya mahali maji ya mvua yanaporukia. Bati litokeze vya kutosha nje ya ukuta. Na tofali zikishatoka kwenye mashine zifunikwe kivulini na kumwagiwa maji kwa wiki nzima angalau. Fundi akikuambia siku mbili zinatosha, tafuta fundi mwingine. Saruji bado utanunua, kwa msingi na sakafu, kwa hiyo huyo mtoto mwambie kwamba nyote wawili mna haki, yeye zaidi kidogo.

*Asalaam aleikum Bibi. Nafundisha Unguja. Wanafunzi wangu waliniuliza kama magorofa ya Michenzani ni jengo la kisiasa, nikakosa jibu la haraka. — Mwalimu mwenzio*

Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu. Ni la kisiasa kuliko bendera. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Karume iliwaahidi watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge upande wa pili wa Mji Mkongwe, nyumba za kisasa, zenye maji na umeme, sawa na walizokuwa nazo waliokaa Mji Mkongwe. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaja, zikaanza Kikwajuni na Kilimani, kisha yale marefu ya Michenzani, yaliyopita juu ya mitaa ya nyumba za miti na udongo. Zege lilikuwa ndiyo hoja yenyewe: kwamba mnyonge naye anakaa ghorofani.

Wapeleke wanafunzi asubuhi moja, kwanza Mji Mkongwe. Waingie nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, wapime unene wa ukuta, halafu wapime upana wa chumba. Watakuta ni mwembamba, mita tatu hivi, na wakuulize kwa nini. Waonyeshe juu: boriti za mikoko. Urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba. Kisha mwende Michenzani saa nane mchana, mpande ngazi hadi juu kabisa kwa ruhusa ya wenyeji, wasimame koridoni na wasikilize joto. Wamwombe mama mmoja awasimulie kuhusu maji kupanda ghorofa za juu. Wakirudi darasani waulize kama wangebomoa. Nilipofanya hivyo na darasa langu la mwisho kabla ya kustaafu, waligawanyika nusu kwa nusu, na aliyetetea magorofa kwa nguvu zaidi alikuwa binti aliyezaliwa humo.

*Masahihisho.* Msomaji wa Singida ananikumbusha kwamba toleo lililopita niliandika TANU ilianzishwa 1955. Ni tarehe 7 Julai 1954, na ndiyo maana ya Saba Saba. Nilipitiwa, na nimejikata alama mbili.