Kuhusu GR86: sura si tatizo, tabo nayo usiililie

Kaka, umesema sura mpya ya GR86, lile gari la michezo la Toyota, imepooza na bila tabo (turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi) ni urembo tu, halafu unauliza uchukue manuali ama oto. Sura hata mimi mwanzo sikuipenda, ila ile ya zamani, GT86, ilikuwa na mdomo kama papa mwenye njaa, hii angalau imetulia.

Tabo achana nayo. Injini ni ileile ya Subaru pistoni zimelala, lakini wametoa lita 2.0 wakaweka 2.4, na toku, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, sasa inafika 250 Nm kwenye mizunguko 3,700 tu kwa dakika, ile ya kwanza ilikuwa 205 na lazima uikamue mpaka 6,400 ndio uione, kwa hivyo hapa ukitoka tuta la barabarani pale Gede gia ya tatu inavuta yenyewe bila kupiga kelele.

Chukua manuali wallahi. Oto ni gia sita pia ila inakunyima nusu ya raha, na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, mchanga ukimwagika lami upande wa Mambrui utataka klachi iwe mguuni mwako. Kitakachokuumiza ni tumbo la gari kukwaruza matuta.