Kuomba kumbukumbu za polisi wa kaunti nchini Marekani

Ndugu, unasema ofisi ya sherifu (mkuu wa polisi) wa kaunti huko California imelikataa ombi lako la ripoti ya wizi kwa sababu ulitaja sheria ya shirikisho ya mwaka 1966 ya uhuru wa kupata habari (FOIA). Sheria hiyo huzibana idara za serikali kuu pekee. Kaunti hufuata sheria ya jimbo, ambayo huipa ofisi siku 10 za kukujibu kama inazo kumbukumbu zinazoweza kutolewa, na muda huo unaweza kuongezwa kwa siku 14. Andika upya ukitaja tarehe, mahali na namba ya tukio, kwani ombi la “kila kitu”, nililowahi kulituma mimi mwenyewe, huchelewa mno. Iwapo mji una polisi wake, huenda ripoti iko kwao. Kama kesi ingali mahakamani, muone wakili kwanza.