Klachi mpya imeanza kunuka: tatizo ni pleti au mguu?

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha gari la gia za kawaida. Klachi niliyobadilisha haijamaliza mwaka na tayari inatoa harufu ya kuungua, hasa kwenye foleni na milimani. Aliyenifundisha udereva alisisitiza mguu wa kushoto usitoke kwenye pedali ya klachi, ili niwe tayari muda wote. Je, nimeuziwa pleti mbovu au kosa ni langu? Na gia nibadilishe wakati gani?

Jibu: Marahaba, dada. Pleti mbovu zipo, lakini kwa maelezo yako ningeanza na huo mguu wa kushoto.

Ukiachia pedali kabisa, pleti ya klachi hubanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) na presha pleti (sahani ya chuma inayoikandamiza), na vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga hadi mwisho, pleti huwa huru. Katika hali hizo mbili hailiki. Inalika pale katikati tu, inapobanwa nusunusu: flaiwili ina kasi yake, pleti ina yake, na zinasuguana. Joto na harufu unayoisikia vinatoka hapo. Gari haliwezi kuondoka bila kupitia hapo katikati, kwa hiyo pita, usikae.

Mguu unaopumzika juu ya pedali unaweza kulegeza mbano bila wewe kujua, na beringi ya klachi nayo inafanya kazi isiyo na sababu. Weka mguu sakafuni, pembeni ya pedali. Ile hofu ya kutokuwa tayari naielewa, ila wakati wa dharura kinachokuokoa ni breki.

Kwenye foleni iliyosimama, weka nyutro, vuta handibreki, achia klachi. Wa mbele akisogea hatua mbili, usimfuate papo hapo. Subiri nafasi ipatikane ya kutembea na gia ya kwanza huku umeachia pedali kabisa.

Mlimani ndiko klachi nyingi zinakoishia. Dereva anasimama akilizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi nusu na mafuta, na dakika moja ya hivyo inatosha kuunguza pleti. Mzigo huo mwachie handibreki. Ukitaka kuondoka, ingiza gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua klachi taratibu mpaka usikie mngurumo wa injini unashuka na pua ya gari inataka kuinuka. Hapo shusha handibreki, ongeza mafuta, malizia kuachia klachi. Lifanyie mazoezi jambo hili mahali pasipo na magari, hata mara ishirini, mpaka mguu ulijue wenyewe.

Kuhusu gia: kwa injini ya petroli, mwendo wa kawaida, panda gia mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa kati ya 2,000 na 2,500, ya dizeli mapema kidogo. Ukiwa na mzigo au unapanda mlima, chelewa. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi mpaka mwisho, peleka gia bila kuilazimisha, achia. Injini ikianza kutetemeka kwa mwendo mdogo, inaomba gia ya chini. Kuizidishia mafuta hapo ni kuitesa. Rivasi ingiza gari likiwa limesimama kabisa. Ikikwaruza, shika klachi sekunde chache kisha jaribu tena.

Sasa pima pleti yako. Kwenye barabara iliyo wazi, ukiwa gia ya nne na mwendo wa wastani, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Kabla hujanunua pleti nyingine, mwambie fundi aangalie kama pedali ina uchezo wake kidogo pale juu, kabla haijaanza kuvuta klachi, na kama sili ya nyuma ya injini inavujisha oili. Oili ikifika kwenye pleti, hata mpya itateleza.