Jibu: Michoro ya maumbo na kuridhika na mwili

Ndugu, umeuliza kama michoro tisa ya maumbo ya Stunkard na wenzake, ya mwaka 1983, inayoonyesha miili kuanzia mwembamba sana hadi mnene sana ili mtu achague umbo alilo nalo na analolitamani, inafaa kupimia kuridhika na mwili kwa wanafunzi wa kike na wa kiume wa vyuo vya hapa Mbeya. Inafaa, ila usikokotoe wastani wa tofauti kati ya umbo alilo nalo mtu na analolitamani kabla ya kutenganisha mwelekeo wake, kwa sababu alama za vijana wanaotaka kunenepa na za wanaotaka kupungua zitabatilishana, nawe utadhani wote wameridhika. Tahadhari hiyo inawahusu hata wasichana wa huku, kwani si wote wanaotamani wembamba. Isitoshe, michoro haitenganishi misuli na mafuta; kwa wanaume, ongeza dodoso la McCreary na Sasse la mwaka 2000, lenye vipengele 15 kuhusu hamu ya misuli.